Mji Nilioutoa

Mvua ya Tukuyu haina haraka, inanyesha kama mtu anayesimulia msiba, nami nimekaa jikoni namenya maharage mabichi huku mjukuu wangu Subilaga akinisomea kwa sauti somo lake la chuo, habari za Wamarekani wa zamani waliomkataa mfalme wa Uingereza, karibu kila jimbo likajiandikia katiba yake, majimbo kumi na matatu, na juu yao wakatandika katiba moja ya pamoja, dhaifu kama utando wa buibui. Mimi niliishia darasa la nne, lakini masikio hayana darasa. Bibi, unasinzia, anasema. Sisinzii, nafumba macho nisikie vizuri, namjibu, na palepale sauti yake inarefuka, inarefuka, inakuwa barabara, na mimi niko juu yake pekupeku.

Barabara haina mwisho, ukiifuata inakurudisha ulikotoka, na kando yake zimesimama nyumba kumi na tatu, ukuta kwa ukuta, hazina paa ila turubai moja lililochanika. Pembeni yangu anatembea mwenyeji asiye na uso, mahali pa uso pamesuguliwa laini kama sufuria. Hapa ni wapi, baba? namwuliza. Ananijibu, mama ana watoto kumi na watatu, kila mmoja ana kufuli lake, mama hana ufunguo hata mmoja. Nacheka, kitendawili hicho nakijua, huo ni muungano wao wa kwanza. Na kweli, mlinzi wa turubai anagonga mlango kwa mlango akiomba mchango, na kila dirisha linamjibu, anzia kwa jirani, jirani akitoa nami natoa. Basi tushone turubai jipya, analia mlinzi. Tushone, zinaitikia nyumba zote, isipokuwa ile ndogo kuliko zote, ndogo kama jiko langu, inasema, mimi sitaki. Na sheria yao ni kwamba asipokubali mmoja, hakuna kushona. We kijumba, inakicheka sauti moja, hata kuku wako wanalala nje! Wanalala nje lakini ni wangu, kinajibu kijumba, na mvua inatunyeshea sote.

Lakini milango yao, jamani, milango mizuri! Wameandika juu yake kwamba mtu asipekuliwe ovyo, akishtakiwa ahukumiwe na wenzake, na mkubwa wa nyumba akatwe kucha asije akawa mfalme mwingine. Mlango mmoja wa kaskazini umeandikwa, watu wote wamezaliwa huru, na juu ya maneno hayo mwanamke mweusi amebandika kiganja, mtoto mchanga kifuani, anahema. Anaitwa Dina. Amekimbia utumwa katika nyumba ya kusini, na nyumba hiyo naiona kwa mbali, ni hii hii kama kwenye kioo, mlango uleule, neno huru lilelile, ila limegeuka kinyumenyume. Bibi, anasema, hapa wananiambia niko huru, nikae? Kaa, mwanangu, mlango umesema. Anatabasamu kidogo tu. Mlango wa kule nao ulisema, anasema.

Ndipo nasikia nyundo. Wazee wa nyumba zote ila kijumba, safari hii hawakingoji, wamejifungia chumba kimoja, madirisha wamefunga na joto lote lile, wanaunda paa. Wakubwa wanataka sauti kubwa, wadogo wanataka sawa kwa sawa, wanagombana, wanapatana, wanatoka nalo. Nami sitawanyima haki yao, ni paa zuri, halivuji, na mamlaka wameyagawa mara tatu ili mmoja amshike mwenzake mkono akizidi. Hata kijumba kinaingia, cha mwisho, kimenuna. Dina anatazama juu. Bibi, limeshikiliwa na nini? Natazama na mimi. Nguzo za upande wa kusini zinapumua, ni watu.

Asiye na uso amekwisha simama mlangoni. Paa sasa ni moja, anasema, aliyetoroka nyumba hii hana pa kujificha katika ile, akidaiwa anarudishwa, ndivyo walivyopatana. Namshika nguo, mwache huyu, ana mtoto mchanga! Anasema, tegua kitendawili, abaki. Moyo wangu unatulia. Vitendawili? Mimi, binti Mwakalinga? Tega, baba! Watano wanaingia kwenye mizani, anasema, wanatoka watatu, na hakuna aliyekufa. Nasema mahindi, yakikobolewa. Siyo. Nasema vivuli. Siyo. Dina ananivuta khanga, fikiri, Bibi, na mimi nafikiri, nyuki, moshi, ndizi, jibu linanivuta khanga wala silioni. Basi nipe mji, anasema asiye na uso. Mchezo wetu ndivyo ulivyo, aliyeshindwa hutoa mji ndipo aambiwe jibu, na ulimi wangu tangu utotoni umezoea kutoa miji isiyo yangu, Mbeya, Zanzibar, Dodoma, chukua, hakuna anayelia. Ulimi unasema, chukua mji huu huu tuliomo.

Nimekwenda mjini kwako, anasema polepole, nimekaribishwa, nimekula, nimekunywa, na jibu ni watumwa, kama huyo nyuma yako, katika hesabu ya kugawana sauti chini ya paa, watano wao wanahesabiwa watu watatu. Nageuka. Wanaume wawili wameshika kamba. Kwa nini umenitoa, Bibi? anauliza Dina, wala hapigi kelele, anauliza kama mtu anayetaka tu kujua. Ni mchezo, mwanangu, nasema, ule mji ni wa maneno tu. Mimi nilikuwa ndani yake, anasema, na kabla kamba haijamfikia ananisukumia mtoto mikononi. Na huyo pia, anasema mwenye kamba, amezaliwa na wetu. Nakimbia, barabara inajikunja, milango yote imeandikwa huru na yote imefungwa, na nyuma yangu nyayo, na kifuani pumzi ndogo ya moto.

Bibi! Bibi! Niko jikoni, maharage yamemwagika sakafuni, Subilaga ameniinamia. Unambembeleza nani? ananiuliza. Natazama mikono yangu imejikunja kifuani, haina kitu, lakini uzito upo, na joto lipo, nami nayumba taratibu, siwezi kuacha. Nje sauti ya kiume inabisha, hodi wenye nyumba. Subilaga anainuka. Ni mjomba kaleta kuni, anasema. Umemwona uso? namwuliza. Bibi, mlango umefungwa, nitamwonaje? Hodi, inarudia sauti. Ngoja, mjukuu wangu, usifungue, ngoja kwanza nimfunike.