Ngoma Ndani ya Nailoni

Ruzuku ya sanaa na michezo ilikuwa imeinunulia shule ya msingi ngoma na tarumbeta, na Mwalimu Mkuu alikuwa amezifungia stoo tangu siku zilipofika, zikiwa bado zimevikwa nailoni. Mwalimu wa muziki alikwisha kuomba ufunguo mpaka ulimi ukaota sugu. Wanafunzi wake walijifunza kwa kupiga madawati, hata mwalimu wa hesabu wa darasa la jirani akaacha kumsalimu mwalimu wao.

Ijumaa wafadhili wangekuja kuisikiliza bendi. Wasiporidhika, ruzuku ya mwaka ujao ingekwenda shule nyingine.

“Mzee, kesho kutwa watoto watapiga nini?” mwalimu wa muziki akamuuliza Mwalimu Mkuu Jumatano, ofisini kwake.

“Wageni watavikuta vyombo havina hata mkwaruzo. Watajua sisi ni watu wa kutunza.”

“Hawaji kutazama vyombo vya harusi, Mzee! Wanakuja kusikia.”

“Mwalimu, watoto wako wana mikono ya kupasulia kuni.”

Mwalimu wa muziki akashusha pumzi. “Haya. Wageni wakifika, utawapigia wewe mwenyewe.”

Mzee, ambaye hata wimbo wa asubuhi huuchezeshea midomo tu, akaingiza mkono mfukoni. Akautoa ufunguo kama mtu anayeng’olewa jino.

“Chukua. Lakini nailoni zisitolewe.”

Alasiri hiyo bendi ikaanza mazoezi. Ngoma zililia kama magunia yanayokung’utwa vumbi, naye Mwalimu Mkuu akachungulia dirishani.

“Polepole, jamani! Zitachakaa!”

Mwalimu wa muziki hakumjibu. Alilifunga dirisha, akafungua mkoba wake, akatoa wembe.