Mtihani wa Felista Mlangoni mwa Ruvuma

Siku ile mjinga alikuwa Sajini Mathayo, na mwenyewe hakatai. Ukimkuta Magomeni jioni, amekaa kibarazani kwake na kikombe cha kahawa, atakwambia kabla hujamuuliza: "Mjinga nilikuwa mimi. Tena si mjinga wa kawaida. Mjinga mwenye usukani."

Usukani wenyewe ulikuwa wa boti ndogo ya doria, na boti ilikuwa inaukaribia mlango wa mto Ruvuma, saa tatu asubuhi, maji yanapwa.

"Kushoto, Sajini," alisema Luteni Usu Felista Magesa.

Mathayo alisikia. Masikio yake hayakuwa na ubovu wowote. Lakini miaka mingi baharini ilikuwa imemfanya aamini kwamba kuna amri zinazohitaji kuachwa kidogo jikoni, ziive kwanza.

"Njia naijua, afande," alijibu, na lile neno "afande" lilimtoka kwa taabu kama mwiba wa changu uliokwama kooni. "Lile pale bati la nyumba ya Bi Mwanakombo. Likishakaa katikati ya minazi miwili, unaingia umefumba macho."

Kweli bati lilikuwa linametameta ufukweni, na kweli lilikuwa linasogea taratibu kuingia katikati ya minazi miwili. Kila aliyewahi kuleta chombo mlango ule alilijua. Ndilo lilikuwa bati pekee upande ule, lililonunuliwa mwaka korosho zilipokubali.

Baharia wa mbele alitupa bildi ya kupimia kina, akavuta kamba yake iliyokuwa inachuruzika maji. "Pima moja na nusu!"

"Kina kinapungua," alisema Felista. "Kushoto, Sajini Mathayo. Ni amri."

Mathayo akamtupia jicho Meja Ismaili, aliyekuwa amekaa nyuma juu ya sanduku la dawa, chupa ya chai mapajani. Meja alikuwa ametoka makao makuu Dar es Salaam kuja kumpima Felista. Jana yake alikuwa amesema wazi, mbele ya kikosi kizima: Luteni Usu akiingiza boti Ruvuma salama na kushusha magodoro na dawa za zahanati ya kijiji kipya, boti atakabidhiwa aiongoze. Akishindwa, anarudi ghalani.

Felista aliijua ghala. Alikuwa amekaa humo miaka mitatu, akigawa viatu na mablanketi kwa wanaume waliokwenda baharini. Yeye, mtoto wa Ukerewe, ambaye baba yake alikuwa akivusha abiria kwa mtumbwi, na ambaye akiwa na miaka tisa alikuwa anapiga kasia mpaka wazee wanasinzia bila wasiwasi. Aliandika maombi ya kwenda majini mara saba. Barua ya saba ilijibiwa na karani aliyechoka kuzisoma. Akapelekwa kozi, akarudi na nyota moja begani, na sasa alikuwa na miezi miwili tu Mtwara. Asubuhi hiyo alikuwa ameomba waondoke alfajiri, maji yakiwa yanajaa. Lakini Meja alikuwa amesikia habari za vitumbua vya Shangani ya Mtwara, na vitumbua havikaangwi alfajiri.

Meja hakusema neno. Mathayo akachukua kule kunyamaza kuwa ni ruhusa, akasonga mbele.

"Pima moja!" alipiga kelele baharia. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyekutana na jambo la aibu: "Mchanga!"

Boti haikugonga. Ilikaa, kwa adabu kabisa, kama mgeni aliyekaribishwa. Chai ya Meja ndiyo iliyoendelea na safari, ikaishia kwenye suruali yake.

"Nani alikuwa na amri hapa?" Meja alinguruma akijipangusa.

"Mimi, afande," alisema Felista.

Mathayo akasubiri. Alikuwa anasubiri neno "lakini." Lakini nilimwambia. Lakini hakusikia. Yeye mwenyewe angelitumia bila haya. Neno halikuja. Felista alisimama wima, akatazama maji yanavyokimbia kutoka ubavuni mwa boti.

Maji yalipopwa hadi usawa wa magoti, walitokea wanawake sita wenye vikapu, wamefunga kanga kiunoni, wakiokota chaza kwenye fungu la mchanga. Walipoiona boti walisimama. Halafu wakacheka. Walicheka mpaka mmoja akaweka kikapu chini ili acheke vizuri. Mbele yao alikuwa Bi Mwanakombo mwenyewe.

"Hodi wenyewe!" aliita. "Mmekuja kuokota chaza na bunduki?"

"Bi Mwanakombo!" Mathayo alikaribia kulia. "Nimelifuata bati lako. Nimeliweka katikati ya minazi, sawasawa!"

"Bati gani, mwanangu?"

"Lile pale!"

Bi Mwanakombo aligeuka akalitazama bati lake, akarudi kumtazama Mathayo. "Hukuwepo mwaka huu?"

"Nilikuwa Dar, boti inatengenezwa. Miezi kumi."

"Basi hujui tumehamishwa. Tumekwenda kijijini, kule juu, na wenzetu wote. Ulitaka bati niliache linyeshewe peke yake?"

"Na minazi?"

"Minazi ni minazi. Pwani hii utakosa miwili wapi?"

Wanawake wakaanza kucheka upya. Baharia wa mbele akainama, akajifanya anakunja kamba, mabega yanamtetemeka.

Mathayo akavua kofia. Alimgeukia Meja, na maneno yakamtoka haraka kabla kiburi hakijawahi kuyafungia mlango. "Afande, Luteni Usu aliniamuru kushoto mara mbili. Nilisikia. Nikafuata bati. Mjinga ni mimi."

"Nilisikia na mimi," alisema Meja. "Kanuni haijali. Amri isiyotiiwa, boti iliyokwama: vyote ni mzigo wa afisa." Akafungua daftari.

Felista alikuwa anafungua kamba za viatu.

"Luteni Usu, unafanya nini?"

"Naomba ruhusa nishuke, afande. Maji yakishakauka, njia itakuwa uchi. Nataka niione kabla haijavaa."

Meja alifungua mdomo, akakosa kanuni inayohusu jambo hilo. Felista akakichukua kimya hicho kuwa ruhusa, kama Mathayo alivyofanya, akakunja suruali ya jeshi mpaka magotini, akatumbukia.

"Bibi, shikamoo," alimwambia Bi Mwanakombo. "Mkondo wenyewe uko wapi siku hizi?"

"Marahaba, mwanangu. Nao ulihama. Serikali ilipotuhamisha sisi, mto ukaona usibaki nyuma." Akamshika mkono. "Njoo. Hapo usikanyage, panameza."

Walikwenda. Mathayo akashuka naye, hakuambiwa na mtu, akabebeshwa mzigo wa fito za mikoko walizokata wanawake. "Zishike vizuri, Sajini," alimwambia mmoja. "Hizo si bunduki, hizo zina kazi." Kila kona ya mkondo Felista alisimama, akauliza maji yanafika wapi hapa wakati wa bamvua, yakijaa kabisa, yanafika wapi siku za kawaida, na wanawake wakamwonyesha kwa miili yao: kiunoni, kifuani, hapa yananipita kichwa. Kisha akachomeka fito, akaitikisa, akaisindilia kwa uzito wake wote. Tope lilimpanda mpaka mapajani. Kwenye kona ya mwisho ya mkondo aliteleza akakaa chini pwaa, nyota yake na yote, na akaangua kicheko ambacho Mathayo hakuwahi kukisikia kambini. Kilikuwa kicheko cha mtoto wa miaka tisa mwenye kasia.

Saa tisa alasiri boti ilijinyanyua. Mathayo alikuwa amesimama mbali na usukani, mikono mgongoni.

"Shika usukani, Sajini," alisema Felista.

"Mimi tena, afande?" Safari hii neno lilipita kooni bila mwiba.

"Mwingine simwoni. Taratibu. Kushoto."

Mkono wa Mathayo uligeuka kabla neno halijaisha. Walipita fito ya kwanza, ya pili, ya tano. Baharia wa mbele aliita pima mbili, pima mbili na nusu, sauti yake ikizidi kunenepa. Kwenye fungu lililokuwa limewameza asubuhi sasa palikuwa na maji tu, na wanawake walikuwa wanakimbia ufukweni sambamba na boti, wakipiga vigelegele, vikapu vinaruka vichwani.

Kijijini watu walijaa kupokea mizigo. Felista alikuwa majini mpaka kiunoni, anapokeza masanduku ya dawa mkono kwa mkono, tope limemkaukia usoni. Meja Ismaili alisimama kwenye ulimi wa mchanga, mahali pekee pakavu pa kupita, daftari wazi, kalamu juu.

"Mimi niandike nini?" alilalamika kwa Mathayo, na kwa yeyote aliyetaka kusikia. "Kwamba boti ya jeshi ilikaa mchangani saa sita nzima? Kwamba afisa alivua viatu, akauliza njia kwa waokota chaza?"

"Afande, aliuliza akajibiwa," alisema Mathayo. "Mimi sikuuliza."

"Nyamaza, wewe! Makao makuu watanicheka. Afisa wa majini husoma ramani. Kanuni inasema wazi, kifungu cha..."

Bi Mwanakombo alikuwa amefika nyuma yake, godoro la zahanati kichwani, na nyuma ya Bi Mwanakombo foleni nzima ya magodoro.

"Nipishe, baba, mzigo mzito," alisema. "Na hapo andika: boti imefika."