Sumaku Juu ya Mlango wa Jikoni

Acom alikuwa ameanza kuamini kwamba akili inamtoka. Jioni alifunga mlango wa jikoni kwa komeo na kuwasha kengele ya wezi. Asubuhi akakuta komeo liko wazi, na kengele haikulia. Kwanza ulitoweka mtungi wa gesi, kisha gunia la karanga.

"Shangazi, uliviuza ukasahau," Emoit alimwambia kwa upole. Alikuwa mtoto wa kaka yake, waliishi pamoja hapo Rubongi. "Afadhali urudi kijijini Mella upumzike. Nyumba nitaiangalia mimi."

Acom, mjane aliyezalisha wanawake wengi katika kazi yake ya ukunga, akaanza kuiogopa mikono yake mwenyewe.

Siku Emoit alipokwenda Tororo mjini, Acom alimpigia simu Opendi, fundi kutoka Busia aliyeifunga kengele hiyo. Opendi alifungua mlango wa jikoni huku akitazama paneli ukutani. Taa ya mlango huo haikubadilika.

"Mama, paneli inafikiri mlango imefungwa," alisema.

Akapanda kwenye stuli, akachomoa waya mmoja wa sensa iliyo juu ya fremu. Paneli ikalia papo hapo.

"Waya ni mzima. Shida iko kwa sensa."

Alipoifungua skrubu, nyuma yake kilidondoka kipande cha sumaku kilichozungushiwa utepe mweusi. Opendi akakitazama, akashusha sauti.

"Sumaku inakaa kwa mlango. Mlango ikifunguka, sumaku inaondoka na sensa inajua. Hii ingine imefichwa hapa ndio sensa isijue kitu. Mimi sikuweka, Mama. Nani alipaka fremu hii rangi?"

Aliyepaka alikuwa Emoit. Acom alishika meza. Kwanza alitaka kucheka, kumbe hana wazimu! Kisha akakumbuka: kila usiku alikuwa amelala nyumba moja na mtu huyo.

Geti likalia. Emoit alikuwa amerudi.

Acom akaficha sumaku kiganjani. Emoit akasimama mlangoni, akamwangalia fundi, akaangalia tundu kwenye fremu.

"Nani amekuita?"

"Sensa imezeeka," Opendi alijibu bila kugeuka. "Naweka mpya." Akaendelea kuunganisha waya. Emoit hakuondoka.

Opendi aliposhuka, alifunga mlango na kuwasha kengele. "Mama, jaribu mwenyewe. Fungua."

Acom akavuta mlango. Paneli ikaanza kudai namba ya kuzima. Emoit akanyoosha mkono. "Zima, Shangazi."

Acom hakuizima. King'ora kikalipuka juu ya paa, na majirani wakaja mbio, Amoit wa duka la jirani akiwa mbele, mwiko bado mkononi. Hapo ndipo Acom alipofungua kiganja.

"Hii ilikuwa juu ya mlango wangu. Emoit, nipe funguo za nyumba."

"Shangazi amechanganyikiwa," Emoit aliwaambia watu.

"Gesi yake uliniuzia wewe," Amoit alisema. "Ulisema amekutuma."

Emoit alizitupa funguo sakafuni, akatoka kwa haraka bila kuchukua hata nguo zake.

Usiku huo Amoit alilala pale ili Acom asibaki peke yake. Hata hivyo, kabla ya kulala, Acom alikwenda jikoni mara nyingi, akafungua mlango na kuufunga, akisikiliza paneli ikilia kila mara.