Harufu ya Jumatatu

Pua yangu haijawahi kunidanganya. Nilikuwa karani wa posta miaka thelathini na minne, na kifurushi chenye samaki wa moshi nilikijua kabla mwenyewe hajakifikisha kaunta. Kwa hiyo binti yangu Marlys aliponiambia kwamba harufu ya petroli ninayoisikia garini haipo, nilipandwa na mori.

Kila Jumatatu nilikuwa najaza tangi, na kabla sijafika nyumbani gari zima linanuka mpaka macho yananiwasha. Jumapili Marlys anakuja baada ya kanisa, namwingiza garini, anavuta pumzi, kisha ananitazama kwa huruma. Hakuna kitu. Nami nikivuta, sisikii kitu. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, maana Jumatatu harufu ipo, Jumapili haipo, na gari ni lilelile.

Marlys ni muuguzi. Alisema kunusa kisichokuwepo kunaweza kuwa dalili ya ubongo kuchoka, akaniwekea miadi ya daktari Alhamisi. Tena akanipa sharti: Jumamosi, kabla ya miadi hiyo, tulipeleke gari kwa fundi Dewey Haataja, na Dewey akikosa tatizo, funguo anachukua yeye. Huku kwetu kaskazini ya Michigan, theluji inapofika dirishani na duka la karibu liko maili kumi na mbili, kumnyang'anya mtu funguo ni kumzika angali anapumua. Nilikubali kwa jeuri, lakini niliogopa.

Dewey aliliinua gari, akapapasa mabomba yote, akanusa tangi huku na huku. Pakavu. Marlys akanyoosha kiganja apewe funguo.

"Ngoja kwanza," Dewey akasema. "Mzee Reino, inanuka kila siku, au siku gani?"

"Nikishajaza."

"Basi twende tukajaze."

Kituoni Dewey alishika mkono wa pampu mwenyewe. Ukalia tk, akaurudisha mahali pake. Tukazunguka mtaa, madirisha yamefungwa. Hakuna harufu. Nikaanza kuishuku hata hiyo pua yangu. Labda marehemu mke wangu Aune ndiye aliyekuwa akininusia miaka yote, na mimi nikajipa sifa.

Ndipo nikakumbuka kwamba Dewey hakujaza kama ninavyojaza mimi. Pampu ikilia, vijana huacha. Sisi wazee wa huku hatuachi. Baba alinifundisha kwamba tangi likibaki na nafasi wakati wa baridi, unyevu huganda humo ndani, gari likagoma asubuhi. Unabana tena, na tena, mpaka petroli ichungulie mdomoni. Nikawarudisha kituoni, nikabana. Tk. Nikabana. Tk. Dewey akashika kichwa.

Hatukumaliza hata mtaa mmoja. Marlys alifunika pua kwa skafu, akateremsha kioo.

"Unasikia?" nikamuuliza.

"Nasikia, baba."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Lisemwalo lipo.

Tuliporudi gereji, Dewey alifungua kopo jeusi lililo karibu na tangi. Alisema ndani yake mna makaa ya kufyonza mvuke wa petroli. Ukijaza kupita kiasi, petroli yenyewe inaingia humo, makaa yanalowa, harufu inabaki haina pa kwenda ila kwako. Tangi likipungua, inapotea. Ndiyo sababu Jumapili Marlys hakuwahi kuikuta.

Kisha akakunja uso. "Lakini kubana mara mbili tatu hakulowishi hivi. Hili limezama kabisa. Umelifanya nini, mzee wangu?"

Nikasema kazi yangu naijua, na ushahidi ninao. Risiti situpi, ni mazoea ya posta. Nikazitoa zote nyuma ya kile kibao cha kuzuia jua, nikampa kwa majivuno. Marlys alikuwa nje akizungumza kwenye simu.

Dewey alizisoma polepole, akarudia. Kisha akaniwekea mbili juu ya meza, akaonyesha kwa kidole chenye grisi. Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, galoni kumi na moja. Jumatatu hiyohiyo, saa tano na nusu, nusu galoni. Akaweka za Jumatatu ya wiki iliyotangulia. Zilikuwa tatu.

Nilizitazama kama barua zisizo na anwani. Niliikumbuka safari moja. Nilijitahidi kuitafuta ya pili, nikakuta peupe.

Dewey alizikunja, akazitia kwenye mfuko wa shati langu, akapapasa mfuko juu. Marlys alipoingia, alimwambia ni kopo tu, atalibadilisha wiki ijayo, na nisibane tena pampu ikilia. Risiti hakuzitaja.

Marlys alinikumbatia. Alikuwa analia. "Nisamehe, baba. Nilikuona umechanganyikiwa, kumbe ulikuwa unanusa kweli." Akachukua funguo mezani kwa Dewey, akanitia mkononi. "Na ile miadi ya Alhamisi naifuta sasa hivi."

Alikuwa ameshafungua simu. Nilisikia risiti zikichakacha kifuani nilipovuta pumzi, na moyo uliniuma kuliko siku niliyomzika Aune.

"Usiifute," nikasema, nikamwekea funguo kiganjani. "Endesha wewe."