Rangi Iliyogoma

Slaidi zilitoka nyeupe tena. Nyeupe pe! Adongo aliondoa jicho kwenye hadubini, akaipangusa lenzi isiyo na kosa lolote, akachungulia upya. Hakuna hata doa la kahawia.

"Hiyo antibodi yako imelala," alisema Mathew, mkuu wa maabara, bila kuinua kichwa.

Imelala! Antibodi ambayo kule Mombasa, alikosomea kazi hii, haikumwangusha hata siku moja. Adongo alikasirika kwelikweli, maana mgonjwa mwenye slaidi hizo, Jerusa, alikuwa nje kwenye benchi tangu asubuhi, akingoja.

Jerusa alikuwa mchuma chai wa upande wa Sotik. Miaka minne nyuma vidole vyake vilianza kunenepa, pua ikapanuka, viatu vya namba sita vikawa vya namba tisa. Watu wakanong'ona, naye akaamini: dada yake Nyambeki, waliyekosana naye juu ya ng'ombe wa mama yao, ndiye aliyemfanyia kitu. Akamfukuza mbele ya majirani, na hawakusemezana tena.

Baadaye picha ilionyesha uvimbe kwenye pituitari, katezi kadogo kama punje ya njegere kalikokaa chini ya ubongo. Madaktari wa Eldoret waliutoa, ila haukuisha. Vipimo vya damu navyo vikagombana, hiki kinasema hivi, kile vile. Sasa daktari hataki kuanza sindano za kuzuia uliobaki mpaka ajue uvimbe ni wa seli zipi, kwa sababu tezi hiyo ina seli za kila namna, kila moja na homoni yake: za kukuza mwili, za kuleta maziwa, za kuamsha tezi nyingine. Kwa rangi ya kawaida zote zinafanana. Antibodi ndiyo hujua kuchagua. Huishika homoni yake moja tu, nyingine haina habari nayo, na pale iliposhika ndipo rangi ya kahawia hutokea.

"Ni ugonjwa ama ni mtu?" Jerusa alikuwa amemuuliza asubuhi. "Niambie ukweli, mwanangu. Nimemchukia dada yangu miaka minne. Nataka kujua kama nilimchukia bure."

Na vipande vya uvimbe wake vilikuwa vimebaki viwili tu.

Lakini kuna jambo lililomsumbua Adongo. Hata slaidi ya kulinganishia, ya tezi nzima isiyo na ugonjwa, ambayo lazima ipate kahawia, nayo ilikuwa nyeupe. Basi kosa si la uvimbe. Kosa ni la mpishi, na mpishi ni yeye. Lakini alikosea wapi? Karatasi ya Mombasa aliifuata neno kwa neno: chemsha slaidi dakika ishirini, ili nyama iliyokazwa na dawa ya kuhifadhia ilegee, antibodi ipate pa kuingilia.

Saa saba alienda kantini bado akiwaza.

"Osoro, haya maharagwe ni mawe!"

"Mawe ni kichwa chako!" Osoro mpishi alimjibu. "Mpira wa sufuria ya presha ulikatika jana, nimeweka mwingine sasa hivi. Hayo nilichemsha hivi hivi tu. Wewe mtu wa Pwani hujui huku juu maji huchemka kabla hayajapata moto?"

Adongo aliacha sahani hapo hapo, akakimbia.

Aliwasha jiko la maabara, akangoja maji yatokote kwa fujo, akatumbukiza kipimajoto. Tisini na tatu. Akangoja tena. Tisini na tatu, hayaongezi hata digrii moja! Kule Mombasa yalifika mia.

"Ala!" Mathew alisogea. "Nimezaliwa hapa, mama yangu huinjika maharagwe alfajiri tuyale mchana, na sikufikiria!"

Adongo alirudi kantini mbio, na Osoro akatoa sufuria yake ya presha, inayobana mvuke hadi maji yapite joto hilo, huku akinung'unika. "Chukua, lakini usinirudishie. Sipikii watu ndani ya madawa."

Adongo aliweka slaidi ya kulinganishia pamoja na kipande kimoja cha Jerusa. Akachemsha, akapoza, akadondosha antibodi ya homoni ya ukuaji, akangoja, akaosha, akaweka rangi. Saa kumi na moja hivi aliinama kwenye hadubini, roho juu.

Kwenye tezi nzima, seli za kahawia zilikuwa hapa na pale, zimechanganyika na nyingine. Kwenye kipande cha Jerusa zilijaa tele, hakuna nafasi ya nyingine. Adongo alipiga kelele ya furaha bila kujijua.

Mathew alitazama, akatikisa kichwa kukubali. Mwanapatholojia angetia sahihi kesho yake, lakini Adongo hakuweza kuvumilia. Alimwita Jerusa.

"Tazama, mama. Hizi ndizo za kukuza mwili. Zimezaana kupita kiasi."

Jerusa alitazama muda mrefu. "Zilikuwa ndani yangu?"

"Ndani yako."

"Hakuna aliyeziweka?"

"Hakuna, mama. Na daktari sasa anajua sindano ya kukupa."

Adongo alitarajia atashangilia. Badala yake Jerusa alikaa chini, akalia. "Nilimwita mchawi mbele ya watoto wake," alisema.

Alitoa simu, lakini vidole vyake vinene vilibonyeza namba mbili mbili kwa pamoja. Akampa Adongo, akamtajia namba moja moja kwa kichwa, bila kukosea hata moja. Simu ikalia upande wa pili, ikapokewa.

"Nyambeki," alisema Jerusa, "ni mimi. Tafadhali usikate."