Kukianika Kidonda cha Baba

Nyumbani kwetu kila mtu ana kazi yake, na yangu ilikuwa kidonda cha baba. Nilianza kukiosha nikiwa mdogo, napanda kigoda ndio nifikie beseni. Maji ya uvuguvugu, chumvi kidogo, pamba, bandeji. Wengine walikuwa wanajaribu, baba anawafukuza. "Mnanisugua kama sufuria," anasema. "Niitieni Dokta." Dokta ni mimi.

Mimi siongei sana. Shuleni mwalimu akiniuliza kitu, jibu ninalo lakini linagoma kutoka. Kwa baba nilikuwa naongea. Ukiwa umeinama juu ya beseni hakuna anayekukodolea macho, maneno yanatoka yenyewe. Baba ananyoosha mkono, mimi naosha huku nasimulia, yeye anaitikia "ehee, halafu?"

Baba ni fundi wa kuezeka. Kabla sijazaliwa alimwagikiwa na lami ya moto, ile wanayozibia paa, ikamuunguza mkono wa kulia kuanzia kwenye kiwiko mpaka karibu na kiganja. Ngozi ilirudi lakini rangi haikurudi. Kovu lilibaki jeupejeupe, laini kama utando wa maziwa, na katikati yake kuna sehemu haikuwahi kutulia. Inafunga, inapasuka. Ikipasuka inavimba, inakuwa nyekundu, inatoa maji, halafu inafunga tena. Miaka yote.

Sasa mafundi wana imani yao, kwamba kidonda kibichi kinaanikwa kama nguo. Mchana wenzake wakishuka kula kivulini, baba anabaki juu ya mabati, anafungua bandeji, anaunyoosha mkono juani. Wakampa jina, Mjusi.

"Mjusi, upande huo umeshaiva," wanampigia kelele kutoka chini. "Geuka."

"Kuleni nyie. Mimi chakula changu kiko huku juu."

Mwaka jana kidonda kikabadilika. Kingo zilinyanyuka zikawa ngumu, katikati pakaota kinyama chenye vichwa vichwa, kama koliflawa. Nikigusa tu na pamba, damu. Na harufu ilikuwa nyingine, sio ile niliyoizoea. Nikamwambia mama, mama akamburuta baba hospitali.

Waliporudi nilikuwa nimeshaandaa beseni.

"Daktari kasemaje?"

"Kasema kinapona," baba akanijibu. "Hiyo si nyama mpya inaota? Kidonda kikiota nyama ndio kinajifunga hicho. Kasema tuzidishe kukianika."

"Hajakupa hata dawa?"

"Dawa ya nini na wewe upo? Nimemwambia nina dokta wangu nyumbani. Akacheka sana yule bwana."

Na mimi nikacheka. Mama alikuwa pembeni anakunja nguo. Shati alilokuwa nalo alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

Basi nikakianika. Siku ambazo baba haendi kazini nilikuwa namtolea kiti uani, na jua likihama namhamisha na yeye. Shangazi, dada yake baba, alikuja kututembelea, akasimama mlangoni ameziba pua.

"Kaka, huu mkono unanuka. Mnasubiri nini nyie?"

Mimi nisiyeweza hata kuomba chumvi mezani nikamjibu shangazi yangu mbele ya watu. "Daktari ndiye kasema kianikwe."

Shangazi akamwangalia mama. Mama akasema, "Mwache mtoto." Shangazi akaniacha. Nilitembea kifua mbele siku nzima, najua nimemtetea baba.

Halafu vidole vya baba vikaanza kufa ganzi. Nyundo ikamponyoka, ikatua karibu na miguu ya mwenzake aliyekuwa chini, na hakuna aliyemwita Mjusi siku hiyo. Hospitali nikamsindikiza mimi, mama alikuwa kazini.

Daktari alifungua bandeji yangu, akakiangalia kidonda, akamwangalia baba.

"Mzee, mwaka jana nilikwambia nini?"

Baba akawa anasoma tangazo la ukutani.

"Nilikwambia urudi tukate kipande tukipime, kinaweza kuwa kansa. Nilikwambia ukifunike, kisipigwe na jua. Mkeo alikuwa amekaa hapo hapo alipokaa binti yako."

Sijui sauti niliitoa wapi. "Jua si linakausha?"

"Linakausha juu," daktari akasema. Aliongea na mimi, sio na baba. "Ila kwa ndani ni hivi. Ngozi ikivimba na kuuma miaka mingi, kila siku mwili unatengeneza chembe mpya kuziba pale. Kila ukitengeneza, kuna nafasi ya kukosea. Jua nalo linaziharibu hizo hizo chembe, na kovu hili halina rangi ya kulikinga. Sisi watu weusi tunadhani jua halituwezi, lakini kwenye kovu kama hili linapita tu. Jambo moja kati ya hayo lingetosha kuleta kansa. Yeye alipata yote mawili."

Yote mawili. Na aliyekuwa anamhamisha kiti ni nani?

Nje kwenye benchi nilimuuliza baba kwa nini.

"Wangenikata mkono," akasema. "Fundi bila mkono anaezeka nini? Nikasema nisogeze siku. Halafu na wewe. Ungejua, ungekuwa unaniosha huku unalia. Ningekosa zile hadithi zako."

Alitaka nimwonee huruma. Huruma nilikuwa nayo, ila ilikuwa inanichoma.

Mama nilipomuuliza akasema, "Aliniapisha." Shangazi naye alikuwa anajua, siku ile aliyoziba pua tayari alijua. Wote walijua. Aliyekuwa anakishika kidonda kila siku kwa vidole vyake ndiye hakuambiwa, na uongo wao wakanipa mimi niusambaze.

Walimkata nyama kubwa mkononi, wakaziba na ngozi ya pajani. Mkono ukabaki, vidole viwili havikunjiki. Siku ya majibu nilienda naye tena. Daktari alipoita jina lake, baba aliniambia, "Nisubiri hapa nje." Nikasimama, nikaingia mbele yake.

Majibu yalikuwa hivi: ni kansa kweli, mkononi wameitoa yote, lakini kwapani kuna tezi limevimba, inawezekana imefika huko. Litolewe wiki ijayo, lisisubiri.

Tukarudi nyumbani. Mama alikuwa mlangoni anatusubiri.

"Wamesemaje?"

"Safi," baba akasema. Hakumeza hata mate. "Kila kitu safi, mama watoto. Nipe maji ya kunywa."

Mama akashusha pumzi, akageuka kufuata maji. Mimi nilikuwa bado navua viatu. Ilikuwa kama niko mbele ya darasa zima, jibu ninalo.

"Kuna tezi kwapani," nikasema.

Mama akasimama.

"Limevimba. Daktari kasema litolewe wiki ijayo. Kasema lisisubiri."

"We mtoto," baba akaanza. Alinitazama kama mtu aliyekuta mlango wa chumba chake umefungwa kwa ndani. Sikuinamisha kichwa.

Mama hakumuuliza yeye kitu tena. Akavuta kiti, akakaa, akaniambia mimi nianze mwanzo, nisiruke neno. Nikaanza.