Kikompyuta Kilichommeza Mzee Bartolomayo

Kamati ilikuwa ikutane saa nane mchana, na kila mkulima wa zabibu kuanzia pale kisimani mpaka Zuzu alijua ajenda ni moja tu: Emiliana avuliwe ufunguo wa pampu, au aachiwe. Mwenyewe alikuwa ameuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, kama kawaida yake, na tangu alfajiri alikuwa ameushika mara nyingi kuliko siku zote za mwaka ule.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Kisima cha umoja wao ni kimoja, mashamba ni mengi, kwa hiyo maji hugawanywa kwa zamu, na mgawaji ni Emiliana. Mzee Bartolomayo alipofiwa na shemeji yake, zamu yake ilimpita akiwa matangani. Akaomba apewe zamu ya Castory, naye Castory achukue yake ijayo. Castory hakuwa na neno. Emiliana akaandika. Lakini ratiba iliyobandikwa ukutani mwa ofisi ilitoka na jina la Castory palepale, na vijana wanaofungua mabomba hufuata karatasi, hawafuati maneno. Maji yakaenda kwa Castory. Wakapanga tena, Emiliana akaandika tena, karatasi ikatoka na Castory tena.

Ungekuwa uzembe wa kawaida, lakini Castory ni kaka yake Emiliana, baba mmoja mama mmoja.

"Maji ya umoja huu yanajua ukoo!" Mzee Bartolomayo alitangaza nje ya kanisa, watu wakitoka ibadani. "Yanafika njia panda, yanauliza, 'Wewe ni mtoto wa nani?'"

Watu walicheka, na kicheko kile ndicho kilichomuuma Emiliana kuliko shutuma. Mzee alikuwa na haki ya kukasirika. Zabibu zake zilikuwa zimefikia ukubwa wa punje za mtama, umri ambao mzabibu ukikosa maji huangusha watoto wake wote chini. Mchana ule, kuanzia saa tano mpaka saa tisa, alikuwa ameahidiwa zamu ya Castory kwa mara ya tatu. Na asubuhi Emiliana alipoingia ofisini, karatasi mpya ukutani ilisema: saa tano, Castory.

Akapiga simu mjini kumwita fundi.

Noeli alifika kwa pikipiki yake mwenyewe, mkoba wa nyaya mgongoni, miwani ya jua usoni, na vumbi jekundu kila mahali miwani isipofika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umefika haraka."

"Kompyuta zinajua nakuja, zinaanza kupona nikiwa njiani." Akavua miwani. "Dodoma hii hakuna kompyuta iliyowahi kunishinda. Zilizonishinda zilikuwa zimeshakufa. Mgonjwa yuko wapi?"

Witness, katibu wa umoja, akamwonyesha kwa kidevu. Pembeni ya kompyuta ya mezani kulikuwa na kitako cheusi, na juu ya kitako kilikaa kikompyuta cha kijivu, ukubwa wa kiganja, chenye kalamu yake ya plastiki ubavuni.

Noeli alikitazama kwa muda. "Mama, hiki kimetoka makumbusho?"

"Kimetoka kwenye mradi wa umwagiliaji. Mradi ukaondoka, chenyewe kikabaki. Na usikicheke. Simu yako hiyo ukiitoa juani inageuka kioo cha kujitazamia meno. Hiki kinasomeka saa sita ya jua kali, kinakaa na chaji wiki nzima, na kengele yake inasikika mpaka shamba la tatu."

Kazi yake ilikuwa rahisi kueleza. Shambani Emiliana huandika zamu kwenye kikompyuta. Ofisini Witness huandika zake kwenye kompyuta kubwa. Jioni Emiliana huketisha kikompyuta kwenye kitako, waya wa USB unaingia kwenye kompyuta, anabonyeza kitufe, na mashine mbili zinalinganisha habari mpaka zote zinajua jambo lilelile. Angalau ndivyo inavyotakiwa.

"Siku nyingine kompyuta inakiona," Witness alisema, "siku nyingine inakikana kabisa."

Noeli akafuata waya kwa vidole, akainama chini ya meza, akaibuka ameshika kigawanyio cha USB chenye matundu matano, yote yamejaa. "Dada Witness. Hapa kuna simu mbili, taa, na feni."

"Joto, kaka."

"Feni inakula, simu zinakula, taa inakula. Mgeni wako huyu amekaribishwa mezani sahani zimeshalambwa. Atasema nini?" Akachomoa waya wa kitako, akauchomeka nyuma ya kompyuta, moja kwa moja. "Halafu mnangoja kompyuta ikione kwanza ndiyo mbonyeze, siyo?"

"Ndiyo," Emiliana alisema.

"Kinyume. Hiki kimezaliwa na aibu, hakijitambulishi mpaka ukibonyeze." Akabonyeza. Kompyuta ikatoa mlio wa furaha, mshale wa kijani ukazunguka. Noeli akasimama wima, akajikung'uta vumbi begani. "Imekwisha. Kuanzia leo niiteni mhandisi."

Emiliana hakushangilia. Alichukua kikompyuta, akafungua siku ya leo, akafuta Castory, akaandika Bartolomayo kwa ile kalamu, akakirudisha kwenye kitako na kubonyeza. Mshale ukazunguka. Wote watatu wakainama kutazama kioo.

Saa tano: Castory.

Emiliana akakinyanyua kikompyuta. Nacho: Castory.

"Hebu tena," Noeli alisema, sauti imepungua kidogo.

Wakafanya tena. Castory. Noeli akabadilisha waya. Castory. Akazima kila kitu, akawasha kila kitu. Castory akarudi kama deni. Noeli alianza kutokwa na jasho, na Witness, kwa ubaya au kwa huruma, akamgeuzia feni.

Hapo ndipo mlango ulipozibwa na kivuli cha Mzee Bartolomayo, kofia mkononi. Hakuwa na subira ya kungoja kamati.

"Mbukwenyi," alisalimu kwa Kigogo.

"Mbukwenyi. Shikamoo baba," Emiliana alijibu.

"Marahaba. Nimepita kuona kama leo nina maji au nina ndugu wa Castory." Akasoma ukuta. Akatikisa kichwa taratibu. "Basi. Saa nane utaniletea ule ufunguo mezani, binti yangu, usinisumbue kuuomba."

Emiliana alikuwa na maneno mengi, na yote yangesikika kama ya mtu anayejitetea. Kwa hiyo alimpa mzee kikompyuta na kalamu.

"Baba, andika mwenyewe."

"Niandike nini?"

"Jina lako. Hapo kwa Castory."

Mzee alimtazama kwanza yeye, kisha kijana, kisha ile kalamu, kama mtu anayetafuta mtego umetegwa upande gani. Lakini kusoma na kuandika ilikuwa fahari yake. Akajisogeza dirishani, akaliandika jina lake herufi moja moja, akihema, mpaka likaisha.

"Nimeingia?"

"Umeingia, mzee," Noeli alisema. "Sasa kiweke pale. Bonyeza."

Mzee akabonyeza. Mshale ukazunguka. Mzee akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Mbona namwona Castory?"

"Umetoka, mzee."

"Nimetoka? Nani kanitoa?"

"Hakuna aliyegusa, baba," Emiliana alisema. "Umeona kwa macho yako."

"Imenimeza!" Mzee alirudi nyuma hatua. "Nimeingia mzima mzima, imenimeza, imemtema Castory!"

Witness alijifunika mdomo. Noeli hakucheka. Sasa alikuwa na hasira, hasira ya kweli ya mtu aliyetukanwa na mashine mbele za watu. Akavuta kiti, akafungua kurasa za ndani ambazo Witness hakuwahi kuziona, akateremka mistari ya maandishi madogo. Kidole chake kikasimama.

"Mzee, kompyuta inasema jina lako umeliandika saa tisa na ushei za usiku."

"Saa tisa za usiku nilikuwa nimelala. Muulize mke wangu."

"Na mama Emiliana ameandika saa tisa hizohizo. Na juzi, saa kumi na moja za alfajiri."

"Juzi nimeandika saa tano mchana, nikiwa shambani kwa Castory," Emiliana alisema.

Noeli akageuka polepole. Akakinyanyua kikompyuta, akatazama pembeni ya kioo chake, penye namba ndogo za saa. Akatazama saa ya kompyuta. Akatazama simu yake.

"Mama. Sasa hivi saa ngapi?"

"Saa nne kasorobo."

"Hiki kinaonyesha tatu na arobaini na tano."

"Ndiyo. Saa tatu na dakika arobaini na tano. Saa nne kasorobo. Kina kosa gani?"

"Kompyuta inaonyesha tisa na arobaini na tano! Nani aliweka saa humu?"

"Mimi," Emiliana alisema. "Mwezi uliopita nilikwenda Mvumi, binti yangu alikuwa anajifungua. Kikaisha chaji kabisa. Kuamka kikaniuliza saa ngapi, nikakiambia. Ilikuwa saa tatu, nikaandika tatu. Ulitaka niandike nini?"

"Tisa!"

"Ni saa tatu, niandike tisa? Nimdanganye nani?"

"Mtoto wa mwenzangu anasema kweli," Mzee Bartolomayo aliingilia, akisahau kidogo kwamba yeye ndiye mshtaki.

Noeli alishika kichwa kwa mikono miwili, kisha akaanza kucheka, kicheko kilichoanzia tumboni. "Sikilizeni. Mashine hizi zikikutana na majina mawili kwenye zamu moja, zinaulizana swali moja tu: nani ameandika mwisho? Wa mwisho ndiye anayebaki. Dada Witness anaandika asubuhi, kwa saa ya kompyuta. Mama anaandika baadaye, lakini kikompyuta chake kiko nyuma saa sita, kinasema ni usiku. Kompyuta inaona mama ameandika usiku, halafu asubuhi Witness amekuja kumsahihisha. Inamtupa mama."

"Kwa hiyo kila siku nikiipitia ratiba asubuhi, nafuta kazi ya dada Emiliana?" Witness aliuliza, macho yamemtoka.

"Siku yoyote mkigusa zamu moja."

Mzee Bartolomayo alikuwa akiigeuza kofia yake. "Basi dawa yake?"

"Dakika moja." Noeli akachukua kalamu ya plastiki. "Naweka saa ya kikompyuta sawa na—"

Emiliana akakinyakua. "Huweki. Watu wanakisoma shambani. Kengele ya saa kumi ikilia lazima waone nne na sufuri mbili, siyo... Hapana, waone kumi ya watu, wanayoijua. Wengine Kiswahili chenyewe wamejifunzia sokoni, niwaongezee hesabu?"

"Mama, si waone kumi, ionyeshe nne—"

"Umeona? Na wewe umechanganyikiwa, na umesoma!"

"Mimi nikikuta tisa pale saa tatu," mzee alisema kwa uzito, "nitakwenda zangu nyumbani nikijua zamu imepita."

Noeli alifura. Angeweza kubisha, alikuwa na maneno ya kutosha kwa kijiji kizima. Lakini kazi ilikuwa haijakwisha, na hakuwa tayari kurudi mjini na sentensi inayoanza na "walikataa". Akazungusha kiti kuielekea kompyuta kubwa, akafungua orodha ya miji ya dunia, akawa anateremka, akinong'ona hesabu.

"Haya. Mlima haushuki, nitaupanda. Kompyuta ndiyo itahama."

"Ihamie wapi?" Witness aliuliza kwa wasiwasi.

"Buenos Aires. Argentina. Wako nyuma yetu saa sita kamili. Hapa saa tatu asubuhi, saa zao zinaonyesha tatu."

Mzee alitafakari. "Kumbe huko nako wapo watu wenye akili."

"Na barua zangu?" Witness aliuliza.

"Kwenye kioo chako zitaonekana umeziandika alfajiri. Jisifu."

Akabofya. Saa ya kompyuta ikaruka nyuma, ikatua sawa na ya kikompyuta, dakika kwa dakika. Zamu zenyewe hazikusogea, kwa kuwa tangu mwanzo Witness alikuwa akiziandika kwa saa za watu.

"Mzee, ingia tena."

Mzee Bartolomayo aliandika jina lake kwa mara ya pili, polepole zaidi. Akabonyeza. Mshale ukazunguka. Emiliana alijikuta ameukamata ufunguo kifuani mpaka meno yake yanamchoma kiganjani.

Saa tano: Bartolomayo.

"Nimebaki?" mzee alinong'ona.

"Umebaki, baba."

"Bonyeza tena. Nataka kuona kama itanirudia."

Wakabonyeza tena, na tena. Alibaki. Printa ikakohoa, karatasi ikatoka, na Witness akaibandua ile ya zamani ukutani kwa kucha. Mzee hakuomba msamaha. Alivaa kofia, akasema zamu yake inakaribia, na akatoka akitembea kama mtu mwenye umri wa nusu yake. Emiliana alitoka nyuma yake na karatasi, kuelekea pampuni.

Saa nane kamati ilikaa. Mwenyekiti akauliza kama mshtaki yupo. Hakuwepo. Akatumwa mtu kumfuata, akarudi suruali imelowa mpaka magotini.

"Mzee yuko shambani," alisema. "Amesema hana nafasi, maji yako mstari wa nne. Na amesema ufunguo asiguse mtu mwingine, maana huyu mama ndiye anayejua zamu yake inaisha saa ngapi."